Kiyoyozi cha Gari Kuukuu Kwenye Mji wa Baridi

Kazi iliyonilisha na kusomesha wanangu ni kutengeneza viyoyozi vya magari ya zamani, hasa vile vinavyojiendesha: dereva anachagua nyuzi 22, halafu mfumo wenyewe unaamua saa ya kupooza, saa ya kupasha moto, na kama upepo utokee kwenye kioo, kifuani au miguuni. Hapa Goma kazi hiyo huwachekesha watu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, joto lake la kawaida ni nyuzi 20 hivi, na anayetaka ubaridi anateremsha kioo. Ndiyo maana garaji zetu nyingi zina dawa moja kwa kila kiyoyozi kilichogoma: kukata waya, kufunga swichi mbili chini ya usukani, kujaza gesi, basi. Dawa hiyo nimeipinga tangu nilipokuwa kijana wa kushika taa mpaka leo ninaposhikiwa taa na vijana. Ninachodai ni kwamba mfumo unaojiendesha urudishwe kama ulivyoundwa, au uachwe umezimwa kabisa. Hali ya katikati, ya kuuondolea akili na kuubakizia nguvu, ndiyo inayoua magari.

Magari yenyewe yalifika kwa mawimbi. Wimbi la kwanza ni Mercedes za enzi ya Zaire, W123 iliyoanza kuuzwa 1976 na W126 ya 1979, magari ya wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wa kahawa, wakati Mobutu ana makao yake hapa kando ya ziwa. Baada ya 1994 mashirika ya misaada yalijaza mji magari ya safari, na yalipoyachoka yaliyauza. Kisha zikaja Toyota za Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam, usukani kulia ilhali Kongo tunaendesha kulia, na nyingi zimebeba kiyoyozi cha kujiendesha ambacho mnunuzi hakukiomba wala hajui kukisoma. Fikra yenyewe ni ya zamani kuliko yote hayo: Cadillac waliuza mfumo wa namna hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo anayesema hizi ni teknolojia mpya zilizotuzidi kimo hajahesabu miaka.

Pingamizi la kwanza, na ndilo ninalolisikia zaidi, ni la baridi: Goma haihitaji kiyoyozi. Jibu langu ni kwamba Goma haihitaji sana ubaridi, inahitaji ukavu. Mvua yetu ni nyingi, na jioni watu hupandisha vioo kwa ajili ya mvua, vumbi na usalama. Watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele kinapofuka katika dakika chache, na dereva anaanza kufuta kwa kiganja huku pikipiki na chukudu za mbao zikimpitia kila upande. Kinachofanyika ndani ya dashibodi ya gari zima ni hiki: hewa inapita kwanza kwenye evaporeta yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, unyevu wake unageuka matone na kudondoka chini ya gari, kisha hewa hiyohiyo inapita kwenye hita na kutoka ikiwa kavu na vuguvugu. Dirisha lililo wazi haliwezi kufanya hivyo. Halafu kuna ardhi tunayoikanyaga. Volkano ya Nyiragongo ilipitisha lava katikati ya mji Januari 2002, ikamwaga tena Mei 2021 hadi kwenye vitongoji vya kaskazini, na barabara zetu nyingi ni mawe hayo yaliyosagwa. Vumbi lake ni jeusi na lina ncha kali. Gari linalotembea vioo wazi hulimeza mchana kutwa, na kutoka kwenye mapafu ya abiria halifutiki kwa kitambaa.

Sasa tuingie chini ya dashibodi, maana hoja yangu inasimama hapo. Malalamiko ya kawaida ya mwenye Mercedes kuukuu ni kwamba kiyoyozi hakipoozi, na fundi wa haraka anasikia neno gesi. Lakini katika magari hayo maji ya moto kwenda kwenye hita huzuiwa na valvu ndogo ya umeme, na valvu hiyo imeundwa hivi kwamba isipopata umeme hubaki wazi, ili mtu wa Ulaya asigandishwe na theluji siku waya inapokatika. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kikipasuka, maji ya moto yanapita saa zote, na evaporeta inapigana na hita ndani ya sanduku moja. Unaweza kujaza gesi mpaka geji ilie, hewa itatoka vuguvugu. Kipimo chake hakihitaji mashine: injini ikiwa moto, shika mpira wa maji unaoingia kwenye hita huku paneli ikiomba ubaridi wa mwisho. Ukiwa wa moto, ugonjwa uko kwenye valvu au kwenye amri inayofika kwenye valvu, na gesi haihusiki. Nathubutu kusema kiwambo hicho kimewauzia mafundi wa mji huu gesi nyingi kuliko tundu lolote la kondensa.

Kitu cha pili ni vakumu, na hapa mwinuko wetu unaingia kazini. Milango ya hewa ya Mercedes hizo haivutwi na mota. Inavutwa na vikopo vya mpira vinavyonyonywa na vakumu ya injini. Kule Mombasa kanieneo ya hewa inatosha kusukuma geji ya vakumu hadi karibu inchi 30 za zebaki. Goma hewa ni nyepesi, na hata pampu nzuri kuliko zote haiwezi kupita inchi 25 hivi. Injini ya petroli ikinguruma taratibu hupoteza kiasi cha inchi 5 kwa sababu hiyohiyo. Maana yake kikopo chenye ufa mdogo, ambacho pwani kingejikongoja miaka, hapa kinashindwa kufunga mlango, na fundi anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anaitupa pampu isiyo na kosa. Kwenye W123 ya dizeli vakumu hiyohiyo ndiyo inayofunga makomeo ya milango na ndiyo inayozima injini. Kikopo kimoja kilichopasuka kwenye kiyoyozi kinaweza kufanya injini ikatae kuzimika baada ya ufunguo kutolewa. Aliyekata mrija na kuuacha unapumua nyuma ya dashibodi hajauondoa ugonjwa; ameuhamishia kwenye injini.

Gesi yenyewe ina hesabu yake ambayo baridi ya Goma huipotosha. Gesi ya R134a iliyotulia katika nyuzi 20 huonyesha bari 5 hivi kwenye geji, na itaonyesha hizohizo ikiwa ndani mna gramu 300 au 900, mradi tone la maji yake limebaki. Fundi anayejaza kwa macho anaona sindano iko chini kuliko alivyozoeshwa na video za nchi za joto, anaongeza, anaongeza tena. Gari linafanya kazi vizuri mjini kwa sababu hewa yetu baridi inaisaidia kondensa. Linapoteremka Uvira au Kisangani, kanieneo inapanda, na mpira unapasuka mbali na fundi aliyesababisha. Mizani ya kupimia mtungi ni chombo cha bei ya kawaida, nami sijui sababu ya heshima ya kukosekana kwake kwenye garaji. Gesi bandia ni hatari nyingine. Mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi ililipuka na kuua mafundi Vietnam na Brazili, kwa sababu R134a ilichanganywa na kemikali inayoshambulia alumini. Na wanaojaza gesi ya kupikia wakumbuke kwamba evaporeta imekaa ndani ya chumba cha abiria.

Kwenye Toyota kosa la kawaida ni kuilaumu kompyuta. Kwa nyingi za miaka ya 1990, ukibonyeza kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani huku ukifungua swichi ya gari, paneli itakuambia yenyewe inaumwa wapi. Ila usiamini namba 21 ukiwa chini ya paa: ni sensa ya jua, na gizani huonekana mbovu hata ikiwa nzima. Sensa ya joto la ndani husoma takriban kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25; asubuhi ya Goma inapanda kupita 2, na huo si ubovu. Mara nyingi kilicho kibovu ni mpira mwembamba unaovuta hewa ya abiria kuipitisha kwenye sensa hiyo. Ukichomoka au ukijaa vumbi, sensa inapima joto la plastiki iliyopigwa jua, na mfumo unapooza watu wanaotetemeka. Kuurudisha mpira huo ni kazi ya mikono miwili na tochi.

Wapo wanaonijibu kwa hoja nzito zaidi: swichi ni rahisi, na kilicho rahisi hakiharibiki. Ningekubali kama swichi ingefanya kazi ya kile ilichokiondoa. Sensa ya evaporeta huikata kompresa barafu inapokaribia. Kwa swichi, evaporeta inaganda, upepo unakufa, na dereva anadhani gesi imeisha. Kinga ya kanieneo huikata pindi gesi inapozidi au kupungua. Katika magari mengi kompresa huachiwa injini inapochemka, jambo la maana kwa anayepanda milima kuelekea Kigali na mzigo juu. Swichi inamwachia dereva kukumbuka yote hayo.

Hoja ya vipuri na bei ina ukweli wake. Paneli ya W126 haipatikani hapa mjini, mtaani Birere, na mpya ukiipata inaweza kuzidi thamani ya gari. Lakini paneli hizo mara nyingi hazijafa. Nyufa ndogo kwenye lehemu, ambazo lenzi ya saa inazionyesha, ndizo zinazokata umeme, na kuzilehemu upya ni kazi ya mezani. Vingine hufuatwa soko la Kisekka Kampala au Kirinyaga Road Nairobi, na vinaingia na basi. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, ilibidi tutengeneze zaidi na kununua kidogo. Gesi ya R12 ya Mercedes za zamani ilikatazwa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zetu zilipewa hadi 2010. Kuhamia R134a kunahitaji kusafisha mabomba, mafuta ya esta, kikaushio kipya na gesi pungufu kuliko ya awali. Kondensa za zamani huilalamikia gesi hiyo kwenye joto kali. Kwa bahati baridi yetu inazisamehe. Nayo R134a inapunguzwa na Marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016, jirani kabisa. Ndiyo sababu nyingine ya kuziba tundu kabla ya kujaza.

Anayeniambia kiyoyozi ni anasa katika mji wa vita simgombezi. Azime chake, hiyo nayo ni njia halali. Ila wewe unayetaka kitengenezwe, kabla hujalipa mwambie fundi akuandikie gramu za gesi alizoingiza, akuonyeshe kipande alichokitoa, na akueleze kila waya iliyokatwa imeunganishwa wapi. Akishindwa hata moja, mwambie achomoe plagi ya kompresa, nawe ununue kitambaa kizuri cha kufutia kioo.