Wenzangu hupelekwa Paris, mimi nilipelekwa Dunwich

Shoga zangu wakitimiza miaka saba ya ndoa wanapelekwa Paris. Wanarudi na picha wamesimama chini ya ule mnara, na mikoba ambayo hutakiwi hata kuigusa. Mimi mwenzenu, Oktoba mwaka jana, nilipelekwa kwenye kijiji kilichomezwa na bahari. Tena kwa treni, na maandazi ya njiani nimepika mwenyewe.

Nilikubali kwa sababu tulikuwa tumefika pabaya. Si ugomvi wa vyombo kuvunjika, hapana. Ni ule mwingine, wa kuamka saa tisa za usiku ukapapasa kitanda, upande wa pili baridi, halafu ukaona mwanga wa kompyuta chini ya mlango. Mume wangu mchana ni mtu wa kompyuta za ofisi. Usiku anatunga muziki. Na wala si bongo fleva useme labda siku moja tutatoka kimaisha. Ni ambienti.

Kama hujawahi kuusikia, huo ni muziki usiokuita. Hauna kiitikio, mara nyingi hauna hata ngoma. Upo chumbani kama harufu ya udi ilivyopo. Ukitaka kuusikiliza utausikiliza, usipotaka utaendelea kukunja nguo. Ukimwalika mume wangu apige kwenye harusi yako, wageni watasinzia kabla ya pilau.

Jina hilo lilipata umaarufu kwa Mwingereza mmoja, Brian Eno. Mwanzoni mwa 1975 aligongwa na gari London, akawa amelazwa nyumbani hajiwezi. Rafiki yake akamletea santuri ya kinubi. Rafiki alipoondoka, Eno akajikokota kuiwasha, akarudi kitandani, ndipo akagundua sauti iko chini mno na spika moja imekufa. Nguvu za kuinuka tena hakuwa nazo. Basi akalala hivyo hivyo, kinubi kikichanganyika na mvua ya nje, na hapo akapata namna mpya ya kusikiliza. Mwaka ule ule akatoa Discreet Music, na miaka michache baadaye akatoa Music for Airports, muziki wa kuwekwa kwenye viwanja vya ndege. Haya yote nayajua kwa kulazimishwa. Ukiolewa na mtu wa namna hii utayajua tu.

Safari yenyewe si ngumu. Unapanda treni stesheni ya Liverpool Street, unabadilisha Ipswich, halafu kitreni kidogo kinakupeleka kaskazini kupitia mkoa wa Suffolk. Tulishuka kwanza Woodbridge, mji mdogo ambao stesheni yake iko ukingoni kabisa mwa mto Deben. Eno alizaliwa upande huo mwaka 1948, mtoto wa tarishi wa posta. Pana kinu cheupe cha mbao kinachosaga nafaka kwa nguvu ya maji kujaa na kupwa. Tulikuta maji yamekupwa, boti zimelala ubavu kwenye tope, ndege wenye midomo mirefu wanadonoa. Nikasema, “Mbona kama Pangani?” Mume wangu akanitazama kwa namna ambayo alikuwa hajanitazama siku nyingi.

Pangani ndiko kwao. Na ndiko shida ilikoanzia.

Baba yake alifariki mwaka 2019. Wakati huo pasipoti ya mume wangu ilikuwa imekaa kwenye ofisi moja hapa, pamoja na maombi yake ya kibali, na kila tulipopiga simu tuliambiwa tusubiri. Mzee akazikwa siku ya pili, kama ilivyo desturi. Mwanawe alifuata maziko kwenye simu, amekaa kwenye ngazi za jengo letu kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unakata. Tangu hapo ndoto zikaanza. Aliniambia kidogo tu, kisha akanyamaza, na badala ya kulia akanunua maikrofoni.

Kutoka Woodbridge tukaendelea mpaka stesheni ya Darsham. Hapo ndugu yangu usitegemee daladala. Tulikodi teksi, kilomita zisizofika kumi, katikati ya mashamba na vichaka vya rangi ya kutu. Agiza gari mapema, na umwambie dereva saa ya kukurudia kabisa. Na chukua koti zito. Mimi nilivaa la kupigia picha, nikajuta.

Dunwich ilikuwa moja ya bandari kubwa za Uingereza enzi za kati. Makanisa, masoko, meli za biashara. Dhoruba ya 1286 ikachukua sehemu, ya 1328 ikaja kuharibu bandari, na bahari haikuacha tena kula ule mwamba wa udongo. Kanisa la mwisho, All Saints, lilianza kuporomoka baharini 1904, na kipande cha mwisho cha mnara wake kikaanguka 1919. Kilichonichekesha ni kwamba mpaka 1832 mahali hapo palikuwa bado panapeleka wabunge 2 London, wakati sehemu kubwa ya jimbo lenyewe imeshakuwa ya samaki. Leo kuna nyumba chache, baa, makumbusho kadogo, kuta za nyumba ya watawa wa zamani, na mgahawa wa samaki na chipsi karibu na ufuko.

Ufuko wenyewe ni wa kokoto. Hutembei, unasaga. Bahari ina rangi ya chai ya maziwa, na upande wa kusini unaona kuba jeupe la kinu cha nyuklia cha Sizewell. Wenyeji wana hadithi kwamba siku nyingine kengele za makanisa husikika chini ya maji. Nilitega sikio kwa dakika nzima. Nikasikia upepo, basi.

“Kwa nini hapa?” nikamuuliza. Mwaka mzima nilikuwa nikiuliza kwa hasira. Safari hii niliuliza kwa kuwa nilitaka kujua.

Akanieleza. Mwaka 1982 Eno alitoa santuri iitwayo On Land, na karibu kila kipande ndani yake ni mahali. Kuna Lantern Marsh, bwawa la karibu na alikokulia, ambalo mwenyewe alisema analijua zaidi kwa kuliona kwenye ramani na kuliwazia. Kipande cha mwisho kinaitwa “Dunwich Beach, Autumn, 1960”. Mwaka huo wa 1960 Eno alikuwa na miaka 12. Yaani mtu mzima amekaa studio anajaribu kuirudia hewa ya ufuko aliyoivuta utotoni. Na kilichomfungua masikio, akaendelea kunieleza, ilikuwa Afrika. Novemba 1980 Eno alikuwa Ghana na kinasa sauti cha kaseti. Jioni akawa anakaa barazani, anatega maikrofoni ichukue kila kitu kutoka kila upande, halafu anasikiliza kwa hedifoni. Zile sauti zilizotawanyika zikakusanyika mahali pamoja, zikawa muziki.

“Ndoto yangu iko Maziwe,” mume wangu akasema.

Maziwe ni kisiwa cha mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na msitu wa mivinje. Bahari ikala miti, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikubaki kitu. Sasa ni fungu la mchanga mweupe, zuri ajabu, watalii hupelekwa kwa boti kuogelea, na maji yakijaa linazama lote. Mume wangu hakukiwahi kikiwa na mti hata mmoja. Lakini kwenye ndoto mivinje ipo, na mzee amekaa chini yake anasoma shairi. Maji yanapanda. Mdomo wa mzee unachezacheza, sauti haitoki. Kinachosikika ni upepo kwenye mivinje. Anaamka, anakimbilia kompyuta kabla ule upepo haujamtoka kichwani.

Kumbe ndicho nilichokuwa nakionea wivu.

Akanivika hedifoni. Ilikuwa mara ya kwanza, niamini, mwaka mzima hakuwahi kunisikilizisha. Kipande kina dakika 19. Kinaanza na mkwaruzo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Kisha kitu kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, taratibu, nikadhani ni mawimbi. Nikafumba macho. Nilikuwa nimeshaanza kupoa, bwana, nimeshasamehe karibu kila kitu, ndipo kama dakika ya sita nikasikia sauti ya mwanamke. Imevutwa, imepunguzwa kasi, inakuja na kupotea. Ilichukua muda kuitambua.

Ilikuwa mimi. “Rudi ulale.”

Nilivua ile hedifoni nikamrudishia mkononi.

“Umenirekodi?”

“Maikrofoni ilikuwa wazi. Baadaye nikakuta umo. Nilitaka kukuomba, nikaogopa utakataa.”

“Basi ungeniomba nikatae!”

Nikaondoka. Jaribu kuondoka kwa hasira kwenye kokoto uone, miguu inazama, huwezi hata kukanyaga kwa kishindo. Nilipanda mpaka kwenye kuta za watawa nikakaa huko kwenye upepo. Niwaambie ukweli, wanawake wenzangu: kilichoniuma si kurekodiwa tu. Ile sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Sikujijua kama ndivyo ninavyosikika saa tisa za usiku.

Njaa ndiyo iliyonirudisha. Nilimkuta mgahawani ameagiza sahani mbili, ya kwangu ameifunika na sahani nyingine isipoe. Nikala kwanza. Kisha nikamuuliza lile lililokuwa limebaki rohoni: “Na mzee? Yeye alikuomba nani umtie humo?” Maana nilijua ile kaseti ipo. Mwaka 2003 alipokuja kusoma huku, baba yake alimpa kaseti moja amesoma mashairi yake upande wote wa A, na mimi siku zote niliona kuichezea kaseti ile ni kumsumbua marehemu.

Akachukua kitambaa cha karatasi akanichorea mstari, akaukata katikati. Shairi unalijua, mstari una mizani 8 upande wa ukwapi, 8 upande wa utao. Pale katikati mzee alikuwa anavuta pumzi. Mwisho wa mstari anavuta tena. Mume wangu ameondoa maneno yote. Hakuna hata neno moja la baba yake mle ndani. Amebakiza zile pumzi tu, na mkwaruzo wa kaseti. Ameziunga ziwe vitanzi vya urefu tofauti. Huo ni utaratibu wa Eno pia: kwenye Music for Airports kuna kitanzi cha sauti cha sekunde 23 na nusu, kingine karibu 26, kingine karibu 30. Kwa kuwa havilingani, kila vinapozunguka vinakutana mahali papya.

Yale niliyodhani mawimbi, alikuwa mkwe wangu anapumua.

Chipsi zikanishinda. Mhudumu akaja akauliza kama chakula kina kasoro, mume wangu akamwambia hapana, kizuri sana, huku na yeye macho yamejaa. Nadhani yule dada alifikiri tunaachana.

Hatukuachana, ila jambo langu sikuliacha lipite hivi hivi. Sauti yangu ni yangu hata nikiwa na usingizi, na kuolewa hakumpi mtu ruhusa ya kunitia kwenye kompyuta. Nilimwambia hivyo kwenye teksi, dereva akasikia akaongeza sauti ya redio. Mume wangu akasema nina haki, ataifuta yote tukifika nyumbani. Nikamwambia sitaki nyumbani, afute mbele yangu.

Pale Ipswich tulisubiri treni ya London dakika arobaini. Akafungua kompyuta juu ya mapaja, tukagawana hedifoni, yeye sikio la kushoto, mimi la kulia. Akaitafuta ile sehemu, akaweka kidole tayari. Nikasikiliza mara moja, nikasikiliza tena. Nikamwambia aondoe “ulale”, lile la kwanza nimempa.

“Rudi tu?”

“Rudi tu. Na jingine usirekodi bila kuniambia.”

Akakata. Treni ilipokuwa inaingia akauliza jina langu liandikwe wapi kwenye kazi hiyo. Nikamwambia aandike la baba yake. Mimi bado namdai Paris.