Saini ya Bwana Bolam

Tarehe 23 Agosti 1954, katika hospitali ya Friern, kaskazini mwa jiji la London, Bwana John Hector Bolam alilazwa kitandani ili apitishiwe umeme kichwani, kwa mara ya pili. Hakuwa kichaa wa kufungwa kamba. Alikuwa mtu wa biashara ya uuzaji aliyeshikwa na sonona, yaani ile huzuni nzito ambayo humnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, na mwishowe hata hamu ya kuishi.

Umeme ukipita ubongoni huamsha mtukutiko kama wa kifafa, na inasadikiwa kuwa ni mtukutiko huo unaoponya, si umeme wenyewe. Siku hizo ilikwisha patikana dawa ya kulegeza misuli ili mwili usijiumize. Baadhi ya madaktari waliitumia. Wengine waliihofu, kwani nayo ilikuwa na hatari zake. Bolam hakupewa. Wala hakushikwa barabara. Wauguzi walisimama kando ya kitanda asije akaanguka. Mwili ulipotukutika, vichwa vya mifupa ya mapaja vilivunja vikombe vya nyonga, kulia na kushoto.

Kabla ya hayo alikuwa ametia saini karatasi ya kukubali tiba. Hakuna aliyemweleza kwamba mifupa yaweza kuvunjika.

Alishtaki. Mwaka 1957 Jaji McNair aliwaeleza raia walioapishwa kuamua kesi kuwa daktari afuataye desturi inayokubaliwa na kundi la madaktari wenye dhamana hahesabiwi mzembe, hata kama wenzake wengine wanafanya vinginevyo. Aliwataka pia wajiulize: lau Bolam angeonywa, je, angeikataa tiba? Swali hilo lina ukatili wake. Mtu aliyezama katika sonona, asiyejali kuwa hai au kufa, angelijibu vipi? Bolam alishindwa, na jina lake likawa kanuni inayotajwa mpaka leo mahakamani, zikiwemo mahakama za Afrika Mashariki zilizorithi sheria ya Waingereza.

Mazoea ya kutomsikiliza mgonjwa yalianza na tiba yenyewe. Mwezi Aprili 1938 polisi wa Roma walimkuta mtu akitangatanga katika stesheni ya treni bila tiketi, wakampeleka kwa daktari Ugo Cerletti. Umeme wa kwanza ulikuwa hafifu. Kwa simulizi ya Cerletti mwenyewe, mgonjwa aliwasikia madaktari wakishauriana juu ya kuurudia, naye akapinga waziwazi. Wakaurudia. Askari waliomkamata walitimiza wajibu wao; lakini mtu yule alipotoka mikononi mwao hakubakiwa na wa kumsemea.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuiita tiba hii mateso. Lakini si kweli. Siku hizi, inapotolewa ipasavyo, mgonjwa hulazwa usingizi, hupewa dawa ya kulegeza misuli, na yale mazingaombwe ya kurushwarushwa kitandani hayaonekani tena. Uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa Uingereza mwaka 2003 ulionyesha kuwa, kwa kipindi kifupi, inashinda tiba ya kuigiza tu na inashinda pia vidonge. Kwa mgonjwa aliyekataa kula na kunywa, au anayetafuta njia ya kujiua, wepesi huo waweza kumwokoa.

Ila haidumu peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliwafuata wagonjwa waliopata nafuu: kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 84 waliugua tena ndani ya miezi sita, kati ya waliopewa dawa mbili pamoja, asilimia 39. Kisha kuna kumbukumbu. Wengi husahau mambo ya wiki za tiba, na wengine hupoteza kabisa miezi iliyotangulia. Mume aweza kurudi nyumbani mzima, akala, akacheka, asikumbuke arusi ya bintiye. Wako watakaosema bei hiyo ni nafuu, na wako watakaoikataa. Mwenye haki ya kuchagua ni yule atakayeilipa.

Sheria zimeanza kulikubali hilo. Huko Uingereza, kwa marekebisho ya mwaka 2007, mgonjwa mwenye akili ya kuamua akikataa umeme halazimishwi, isipokuwa katika dharura. Na mwaka 2015 mahakama kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba daktari sharti amweleze mgonjwa kila hatari yenye uzito kwake. India, ambako wengi walikuwa wakipitishiwa umeme wakiwa macho, ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2017.

Jamaa wanapoitwa hospitalini kutia saini kwa ajili ya ndugu yao, wana haki ya kuuliza kwanza: mtaalamu wa usingizi atakuwapo siku hiyo? Mgonjwa mwenyewe ameambiwa nini, naye amejibu nini? Na baada ya umeme, ni dawa gani zitakazofuata, na kwa miezi mingapi?