Nani Anatenda, Nani Anatendwa? Bango Letu kuhusu Makao ya Wazee

Katika likizo ndefu, sisi mafrateri sita wa mwaka wa pili wa falsafa tulijitolea kwa wiki nne katika makao ya wazee yanayoendeshwa na masista, katika nyanda za juu za Iringa. Baba Gambera alitupa na kazi ya pili: tutengeneze bango la kidijitali na wasilisho la dakika 10, tuvioneshe parokiani Jumapili ya nne ya Julai. Hiyo ndiyo Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyowekwa na Papa Fransisko mwaka 2021, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana ya tarehe 26 Julai. Tunaandika kuhusu kazi hiyo ya pili kwa sababu ndiyo iliyotufikirisha zaidi, na kwa sababu wenzetu wengi watapewa kazi kama hiyo.

Mambo ya ufundi hayakutusumbua sana. Tulikuwa na simu mbili na kompyuta mpakato moja. Tulichagua umbo la mlalo, upana 16 kwa kimo 9, kwa kuwa bango lingeoneshwa ukutani kwa projekta. Ukumbi wa parokia una madirisha makubwa na mwanga wa mchana hufifisha picha, hivyo tulitumia herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe, na maneno yasiyozidi 100. Picha tulitumiana kwa WhatsApp kama mafaili, maana zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Hayo yote yalikwisha jioni moja. Yaliyobaki yalichukua wiki nzima.

Kabla ya kuweka maneno kwenye bango, tulikubaliana wazee wayasikie kwanza. Jioni moja baada ya Rozari tuliwasomea rasimu: Tuliwaogesha. Tuliwafulia. Tuliwalisha. Tuliwasomea Neno la Mungu. Bibi mmoja, msukaji wa vikapu vya milulu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Wajukuu zangu, na sisi je? Mwezi mzima hatukufanya kitu?”

Swali lile lilitupeleka kwenye sarufi. Katika kitenzi cha Kiswahili, mtenda hukaa mbele na mtendwa hubanwa katikati. Katika “tuliwalisha” sisi ni “tu” na wazee ni “wa”. Kila sentensi ya rasimu ilikuwa ya kweli. Lakini zikipangwa pamoja, zilichora nyumba ambamo watu sita wanazunguka wakifanya kazi, na watu ishirini na wanne wamewekwa tu, kama viti.

Darasani tulikuwa tumemsoma Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama njia tu, bali sikuzote awe pia lengo. Tukisoma hayo, mawazo huenda kwa mnyonyaji: bwana wa watumwa, au tajiri asiyelipa vibarua. Bibi alituonesha kwamba hata huruma ina hatari hiyo. Mtu anaweza kulishwa vizuri, kuogeshwa vizuri, kisha akageuzwa ngazi ya kupandia sifa ya aliyemlisha.

Basi tuliandika orodha ya pili, safari hii wazee wakiwa mbele ya kitenzi. Bibi aliwafundisha wawili wetu kuchagua milulu, kuitia rangi na kusuka kitako cha kikapu. Mzee aliyekuwa seremala aliongoza matengenezo ya mabenchi ya kanisani akiwa ameketi kwenye kiti chake, sisi tukiwa mikono yake. Mzee mwingine aliongoza Rozari kila jioni bila kuhitaji kitabu. Mengine hayakukaa vizuri kwenye “tuli” wala kwenye “wali” peke yake, na hapo kauli ya kutendana ikatufaa: tulisimuliana, tulichekeshana, tuliombeana.

Hata hivyo hatukutaka kubadili ukweli ili sentensi zipendeze. Alikuwapo mzee mmoja aliyepata kiharusi, hasemi wala hainuki. Kusema kwamba alitufundisha hili na lile kungekuwa kumtwisha kazi asiyoiomba. Kwake tuliacha neno lisimame lilivyo: tulimwogesha. Alistahili kuogeshwa kwa sababu ni mtu, hata kama hakutupa somo lolote la kupeleka parokiani.

Picha zilileta ubishi mkali zaidi. Makao yalihitaji tenki la maji na magodoro mapya. Mmoja wetu alikuwa na picha ya mguu uliokonda, wenye kidonda, kando ya godoro lililochakaa. Alisema watu huchangia wanachokiona, na kwamba kuificha picha ile ni kulinda hisia zetu huku wazee wakilala kwenye baridi. Hoja yake haikuwa nyepesi. Usiku wa Julai Iringa si wa mchezo.

Waliopinga walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mwenye mguu ule alikuwa yule mzee wa kiharusi, asiyeweza kutujibu ndiyo wala hapana. Ya pili ni ya imani. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inatufundisha kwamba anayelishwa na kuvikwa ni Bwana mwenyewe. Nani angempiga Bwana picha akiwa na uji kidevuni, kisha aitandaze ukutani?

Tulifikia njia hii: tuoneshe hitaji bila kumwanika mwenye hitaji. Tulihesabu maji yanayobebwa kutoka bondeni kwa siku moja: madumu 36 ya lita 20, yaani lita 720. Tukayapanga madumu yale kwenye ngazi ya jiko na kuyapiga picha. Godoro tulilipiga likiwa limeanikwa uani, peke yake. Kwa ridhaa yao, wazee wanne walioneshwa kwenye bango wakiwa kazini, kila mmoja akiwa amechagua picha yake mwenyewe.

Siku yenyewe, Bibi aliletwa ukumbini. Picha ya mikono yake na kikapu nusu ilipotokea ukutani, alisema kwa sauti ya kusikika na wote: “Hicho nimeshakimaliza. Kinauzwa.” Kilinunuliwa kabla hatujazima projekta.

Michango ilitosha tenki. Magodoro bado. Mwenzetu angali anaamini picha yake ingeyaleta, na hatuna namna ya kumthibitishia kinyume. Tunachojua ni kwamba mwaka huu tunarudi kule kutafuta magodoro, na hakuna mzee tutakayeona aibu kumtazama usoni.

Ninyi mtakaopewa kazi hii baada yetu, wasomeeni wahusika rasimu yenu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha hesabuni vitenzi, mwone nani amekaa mbele.