Swali Nililolinyamazisha

Msomaji mpenzi, sikiliza kosa la mwalimu. Nilipokuwa nikifundisha jinsi majani yajifanyiavyo chakula kwa nuru ya jua, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, nuru ikisha kuingia katika jani, huenda wapi?" Sikujua, wala sikuwa na ushujaa wa kukiri. Nikamwamuru aketi. Muhula mzima hakuinua mkono tena.

Kumbe swali lake limewashughulisha wanakemia wakubwa! Graham Fleming wa Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, ameichunguza safari hiyo kwa leza. Mmweko mmoja huiamsha klorofili; mwingine hufuata upesi kutazama nishati imefika wapi. Mimweko hiyo hupimwa kwa femtosekunde, na femtosekunde milioni bilioni ndizo sekunde moja. Nishati hupokezanwa klorofili kwa klorofili, kama matofali yapitishwavyo mkono kwa mkono na vijana wajengao shule.

Mwaka 2007 yeye na wenzake, wakichunguza bakteria watumiao nuru kama majani, walitangaza kwamba nishati husafiri kama wimbi lijaribulo njia nyingi kwa pamoja. Wengine wakapima tena. Kufikia 2020 ilidhihirika kuwa dalili zile zilizodumu zilitokana zaidi na mtetemo wa molekuli zenyewe. Elimu haikuaibika kwa kusahihishwa, ilikua.

Basi nami nilirudi darasani, nikamwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Akainua mkono: alikuwa na swali jingine. Nawe, msomaji, ukinyamazishwa, uliza tena.