Simi-Simi: Kabla Mtoto Hajapanda Ndege



Jumamosi iliyopita tulikwenda Simi-Simi kumwona mwenzetu wa likelemba ambaye alikuwa amekosa vikao viwili. Tulipanda toleka tukaelekea magharibi, mto ukiwa mkono wetu wa kushoto.

Simi-Simi imezoea habari za safari. Uwanja wake wa ndege ni wa zamani; tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka hapo. Siku hizi abiria wanapandia Bangboka, upande wa pili wa mji. Na kwa mto huohuo, wakati wa ukoloni, watu waliandikishwa kwenda mashamba ya michikichi ya Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu. Wengi hawakwenda kwa kupenda.

Tulimkuta mama amekaa mlangoni akisafisha sombe. Alituambia ukweli: binti yake amepata ujumbe kwenye simu. Kazi ya nyumbani, Oman, mshahara mzuri. Mtu aliyeandika anataka dola 300 na paspoti. Mkataba utapatikana Kampala. Mama alikuwa akiona haya kutuomba zamu yake ya likelemba mapema.

Hatukumkataza mtoto. Kwenda kutafuta kazi si kosa, na kuna waliokwenda wakajenga nyumba ya wazazi. Lakini jirani zetu wa Uganda, mwaka 2016, walisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia kwa sababu ya malalamiko ya mateso. Ikiwa serikali yenye mawakala wanaojulikana ilipata shida, je, sisi na mtu wa simu asiye na ofisi?

Katika nchi nyingi za Waarabu wa Ghuba, kibali cha mgeni kimefungwa kwa tajiri wake. Wanaita kafala. Ukitoka kwake bila ruhusa, wewe ndiwe unayeweza kuhesabiwa mkosaji, hata kama hakukulipa. Kwa hiyo maswali yanaulizwa hapa nyumbani, kabla ya safari. Tulimpa binti matatu.

La kwanza: nani analipa? Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 181, wa mwaka 1997, unasema wakala hapaswi kumtoza mfanyakazi, wala moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka.

La pili: mkataba uko wapi? Ule wa namba 189, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, unataka maandishi yapatikane kabla ya kuvuka mpaka: mshahara, saa za kazi, siku ya kupumzika.

La tatu: paspoti itakaa kwa nani? Mkataba huohuo unasema mfanyakazi ana haki ya kukaa nayo mwenyewe.

Si kila nchi imekubali mikataba hii, lakini maswali yake hayagharimu kitu. Binti alipiga simu mbele yetu. Yule mtu alijibu: “Usiulize sana, wengine wanangoja nafasi.” Kisha akakata.

Binti alilia. Alikuwa amekwisha kuwaaga marafiki. Mama alinyoosha mkono kuchukua paspoti aifungie sandukuni. Yaya mmoja wetu akamzuia. Paspoti ni ya mtoto, ibaki mkononi mwake, hata kwa mama yake. Pesa za likelemba zitatoka kwa zamu yake, na wao wawili wataamua kazi yake.

Nchi yetu ina wakala wa serikali wa kuzuia na kupambana na biashara ya watu, ulioundwa mwaka 2019. Ukishawishiwa hivyo, tunza ujumbe na namba ya simu, kisha peleka habari kwa polisi au parke.

Mwenye binti aliyepewa ahadi ya namna hiyo asione haya. Aje na karatasi kikaoni, tutaisoma pamoja.