Samaki Hawavunji Rodi

Mtu akiniletea rodi iliyovunjika, habari huanza na samaki. "Fundi, huyo alikuwa mkubwa!" na mikono inapanuka. Namsikiliza mpaka amalize, kisha nachukua vile vipande viwili, natoka navyo mlangoni penye mwanga, natazama pale palipokatika.

Nimetengeneza rodi za kuvulia kwa miaka kumi na minne sasa, jioni na Jumapili, katika chumba cha nyuma hapa Free Area, Nakuru. Zilizovunjwa na samaki bila msaada wa binadamu hazijai vidole vya mkono mmoja. Nyingine zilikuwa zimekwisha kabla hazijafika majini. Hii ilibanwa na mlango wa matatu. Ile ilifungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda hadi Naivasha, ikagongana na chuma kilomita sabini. Nyingine iliegemezwa ukutani, mtoto akapita mbio, ikaangukia ukingo wa jiwe.

Kaboni ndiyo inayowadanganya watu. Rodi ya faiba ikigongwa, utaona pamepauka, kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Ya kaboni haikuonyeshi kitu. Nyuzi za ndani zimekatika, nje rangi inang'aa vilevile. Ukipitisha kucha polepole utahisi inakwama kidogo, basi. Wiki mbili baadaye mwenyewe anavuta ndoano iliyonasa kwenye magugu, rodi inalia pa! Akinieleza, magugu yameshakuwa samaki, na ninaamini kwamba yeye mwenyewe anaamini hivyo.

Mchana naganga bampa na boneti za magari kwa faiba katika gereji moja. Huko ndiko nilikojifunza tabia za resini, msasa na nyuzi, na huko ndiko mteja mmoja alikoniuliza kama naweza kushika rodi yake. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Bampa ikizidi unene milimita mbili hakuna anayejua. Rodi ikizidi unene kiasi hicho mahali pamoja, umeshaiharibu yote.

Wageni huuliza mtu wa Nakuru anavulia wapi, maana ziwa letu ni la magadi tena limo ndani ya hifadhi. Rodi zinazopita mikononi mwangu huenda Naivasha, chache Baringo, na zile nyembamba za trauti huenda kwenye mito ya baridi, inayoshuka Nyandarua na ile ya Mau upande wa Kericho, kama Kiptiget. Trauti waliletwa nchini mwaka 1905. Besi wa Naivasha waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na wazee wengi wa ziwa lile walinunua rodi zao kwa ajili ya besi: fupi, ngumu ya kiasi, ya kutupa chambo bandia pembeni mwa mafunjo. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana kapi, yule mnene mwenye magamba makubwa na ndevu mdomoni, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayejaza mitumbwi. Besi huruka, hutikisa kichwa, huchoka. Kapi hulalia chini na kusukuma, dakika kumi, dakika kumi na tano. Rodi ya besi haikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo, na ikiwa ilishagongwa mahali, kapi atapatafuta na kupapata.

Kuunga rodi iliyokatika katikati ni kazi ambayo sasa naikataa mara mbili kati ya tatu. Natafuta kipande cha rodi nyingine kinachoingia ndani yake, nakipiga msasa mpaka kiingie bila kuchezacheza, sentimita tano kila upande, gundi, halafu uzi juu yake na vanishi. Ikikauka unaweza usione palipovunjika. Watu hufurahi sana siku ya kuichukua. Kile wasichokiona ni kwamba pale katikati pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Rodi inajipinda vizuri, inafika hapo inakataa, kisha inajipinda tena mbele. Nguvu yote inakwenda kukaa kwenye ukingo wa kile kipande cha ndani. Rodi iliyoungwa haivunjiki tena palepale. Huvunjika upana wa vidole viwili juu yake.

Nilijua hilo kwa mwalimu mmoja wa Gilgil aliyekuwa akienda kuvua na mwanawe. Alirudi baada ya wiki tatu na vipande vitatu badala ya viwili. Hakunigombeza. Alivipanga mezani na kuniuliza, "Fundi, hapa ni mimi au ni wewe?" Nilikuwa mimi. Nilimrudishia pesa zake. Tangu siku hiyo nakipunguza kipande cha ndani ncha zote mbili, ukuta wake uwe mwembamba kama karatasi mwishoni, ugumu uishe polepole. Inasaidia. Haimalizi tatizo, nami humwambia kila mtu hivyo kabla sijashika kisu.

Kitu kingine ambacho mtu wa nje hawezi kukiona ni pete. Zile pete zinazopitisha mshipi zina duara la kauri ndani ya fremu ya chuma. Kauri ni ngumu, lakini ikigongwa inapasuka ufa mwembamba kuliko unywele. Mshipi ukipita hapo mara mia unachunwa mara mia. Mvuvi anapoteza samaki, anatazama mshipi uliokatika, anamlaani muuza mshipi, ananunua mwingine, unakatika tena. Nimeona mtu aliyenunua mishipi mitatu kwa mwezi mmoja. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ukikizungusha. Pamba ikiacha nyuzi nyuma, umempata mwizi wako. Pete ya nchani ndiyo huanza, kwa sababu ndiyo inayotangulia kugonga kila kitu: dari, mlango, kiti cha gari.

Na pete ya nchani ikitoka, tafadhali usiirudishe kwa ile gundi kali inayoshika papo hapo. Hilo nimelipigia kelele mpaka sauti ikaisha. Inabandikwa kwa gundi ya kuyeyusha, ile ya vijiti, ili siku ikiharibika uipashe moto kidogo itoke. Iliyogandishwa kwa gundi kali, fundi akiichoma ili aing'oe, anaunguza kaboni yenyewe. Nimeunguza ncha nne namna hiyo.

Uzi unaofunga pete hupakwa gundi ya kuchanganya, epoksi, nusu kwa nusu. Kazi nyingi huharibikia hapa, wala si kwa ufundi. Epoksi ni nzito kama asali na hukauka polepole, hivyo rodi lazima izunguke saa tatu au nne bila kusimama, la sivyo gundi inashuka upande mmoja na kuning'inia. Nilitoa mota kwenye maikrowevu iliyokufa, ile inayogeuza sahani mara tano au sita kwa dakika, nikaifunga kwenye ubao. Inafaa kabisa, stima ikiwepo.

Usiku mmoja wa Aprili nilikuwa na rodi ya pete tisa, nimemaliza kupaka ya mwisho saa tatu, stima ikapotea. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikakaa kwenye kiti na tochi ya simu, naigeuza kwa mkono robo duara, nasubiri, robo duara tena. Saa sita usiku bado ilikuwa laini. Saa saba nikafumba macho kidogo tu. Niliamka mwanga unaingia dirishani. Chini ya kila pete kulikuwa na tone lililoganda, gumu kama jiwe. Nilikata nyuzi zote tisa kwa wembe, nikakwangua, nikaanza upya. Siku tatu zilipotea, na mwenye rodi alikuwa tayari amekodi mtumbwi.

Mwezi wa Julai ni balaa la namna nyingine. Baridi ya usiku wa Nakuru inaifanya epoksi ibaki ikinata kwa siku mbili, kama jamu. Nimejenga sanduku refu la plaiwudi lenye balbu ya zamani ndani, ile inayotoa joto. Januari na Februari ni vumbi. Wengi husema jina la mji huu lenyewe limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na mimi siwezi kuwapinga. Kabla ya kupaka namwagia maji sakafu, natundika shuka mbichi mlangoni, nawafukuza watoto. Asubuhi bado nitakuta chembe tatu nne zimezama ndani ya vanishi.

Vipuri ni kilio changu cha kila siku. Kenya hii hii inafunga chambo cha manyoya, wale nzi bandia wa kuvulia trauti, na kuwasafirisha ng'ambo. Akina mama wanawafunga kwa mikono, mmoja mmoja, kwa usafi wa kustaajabisha. Wavuvi wa Ulaya na Marekani wanavua kwa kazi yao. Lakini mimi nikitaka pete moja ya kauri ya milimita nane, sipati hapa mjini. Kwa hiyo nanunua rodi mbovu za mitumba, nazichinja. Pete huku, koki ya mpini huku, kishikio cha rili huku. Chini ya kitanda changu kuna maiti thelathini hivi za rodi, na mke wangu amezivumilia kwa subira ambayo sijui nitailipaje.

Sasa niseme juu ya mianzi, maana hiyo ndiyo kazi iliyoniumiza kuliko zote.

Mzee mmoja alikuja kutoka Njoro na mfuko wa turubai. Baba yake alikuwa mpishi wa shamba la mzungu. Mzungu alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia rodi hiyo, na baba hakuivulia hata siku moja. Aliiweka juu ya dari. Nilipoifungua nilinyamaza. Ilikuwa ya mianzi iliyopasuliwa, vipande sita vyembamba vya pembe tatu vilivyogandishwa pamoja mpaka ukiikata unaona umbo la pande sita, unene wa nchani kama njiti ya kiberiti. Mianzi hiyo haikuwa ya kwetu. Rodi za namna hii zilitengenezwa kwa mwanzi wa Tonkin kutoka kusini mwa China, na kampuni kama Hardy ya Alnwick, Uingereza, ndizo zilizowauzia walowezi. Biashara ya Marekani na China ilipofungwa mwaka 1950 mwanzi huo ukakosekana Marekani, na faiba ikashika soko.

Ilikuwa imepinda kama upinde. Rodi ya mwanzi hunyooshwa kwa joto: unaizungusha juu ya moto mdogo wa spiriti, unaishika iliponyooka mpaka ipoe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili kwenye rodi nyingine ikakubali. Hii ilikuwa imekaa miongo mingi chini ya mabati, inachemka mchana na kupoa usiku, na gundi ya zamani ilikuwa imebaki unga. Sikuipima. Nilipokipasha moto kipande cha juu, kikafunguka mkononi mwangu, vipande sita, taratibu, kama ganda la ndizi.

Nilikwenda Njoro mwenyewe kumwambia. Haifai kumwambia mzee jambo la namna hiyo kwa simu. Nilisema, "Mzee, nimeiharibu." Akauliza kama vipande vyote vipo. Nikasema vipo, ila kimoja kimebunguliwa na wadudu kwa ndani, hakitashika. Akanyamaza kitambo. "Basi tafuta kingine, kijana."

Nilijaribu mwanzi wetu wa Mau. Nilipewa vipande na mtu aliyeupanda shambani kwake, nikavikausha miezi minne, nikaranda. Ukuta wake ni laini zaidi, nyuzi ni chache. Niliukunja, ukabaki umekunjika. Kwa ngazi na uzio ni mwanzi mzuri. Kwa ncha ya rodi nilishindwa, pengine mwingine ataweza. Mwishowe nilipata kipande cha Tonkin kwenye rodi iliyokufa ya mteja wa Naivasha, nikakiranda kwa vipande vya kioo na msasa jioni kumi na moja, nikapima kila sentimita. Niligandisha vyote sita kwa epoksi, nikavifunga kwa uzi wa pamba, nikavitundika na jiwe chini vinyooke.

Rodi ile sasa imenyooka, isipokuwa kipindo kidogo karibu na ncha ambacho sikuthubutu kukigusa tena. Inaweza kumbeba trauti wa gramu mia tatu, nne. Nilimwandikia mzee uzito huo kwenye karatasi, nikamwonyesha namna ya kuitenganisha kwenye viungo bila kuinyonga: mikono iwe karibu karibu, vuta moja kwa moja, usizungushe. Alifanya mara tatu mbele yangu.

Siku hizi sitoi rodi bila bomba. Nakata bomba la PVC la inchi mbili, nabandika kifuniko chini, juu kile cha kufungua. Lake nililiwekea sponji ndani. Nilimsindikiza hadi stendi, nikamwomba kondakta asiiweke kwenye keria. Alisema mizigo mirefu yote huenda juu. Nikamlipia mzee kiti cha pili, bomba likakaa juu ya viti viwili hadi Njoro.