Nyundo za Kinu cha Posho

Neno posho lina historia ndefu kuliko mashine zinazobeba jina lake. Zamani lilikuwa ni chakula alichopimiwa mpagazi wa safari au kibarua wa shamba kwa siku zake za kazi. Katika nchi ya Uganda limekuwa jina la sima yenyewe. Hapa Nairobi limeshikamana na kinu, hata mtoto akitumwa kusagisha mahindi huambiwa aende posho, naye haulizi zaidi.

Kinu ninachotaka kukieleza kiko Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja. Mwenyewe ni mama mmoja jirani yangu. Wateja wake hununua unga kwa gorogoro, lile kopo linalochukua kilo mbili hivi, ama kwa sababu bei ya pakiti za dukani huwalemea, ama kwa sababu, kama wasemavyo wengi, unga wa kinu una ladha ya mahindi. Mimi ni mmoja wao.

Watu wengi hudhani ya kuwa ndani ya kinu kama hiki mna mawe mawili yanayosuguana, kama yale ya bibi zetu. Sivyo. Mna mhimili wa chuma uliovishwa sahani, na kati ya sahani hizo zimetundikwa nyundo ndogo bapa, kila moja urefu wake sentimita 12 hivi. Mota ikiwa imezimwa, nyundo hulala hovyo. Mota ikizunguka, mara elfu mbili au tatu kwa dakika, nyundo husimama imara kuelekea nje, zikaipiga punje ingali hewani. Basi kwa hakika mahindi hayasagwi humo, bali hupondwa. Vipande hupigwa tena na tena mpaka viwe vidogo kiasi cha kupenya katika tundu za chujio lililozunguka chini, ambazo upana wake ni milimita moja au pungufu. Ulaini wa unga huamuliwa na chujio. Wepesi wa kazi huamuliwa na nyundo, hasa kona zake.

Kona ya nyundo mpya ni kali kama ya jalada la kitabu kipya. Baada ya magunia mengi huviringika kama kipande cha sabuni. Hapo kinu hakigomi. Kinaendelea kusaga, ila polepole zaidi. Unga hutoka wa moto, umeme huisha upesi, na mwenyewe huona wateja wanapungua asijue ni kwa nini. Mama yule alianza kusikia neno moja tu: "Mama, siku hizi unga wako una chenga." Akamwita fundi.

Fundi alifungua kifuniko, akatoa nyundo moja, akaipangusa kwa shati lake. Nyundo hizi zina tundu kila ncha, kwa hiyo zina kona nne. Kona moja ikiisha, nyundo hugeuzwa. Zikiisha mbili, hupinduliwa juu chini. Hii ilikuwa imekwisha pande zote. Chujio nalo lilikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha, na chenga zilikuwa zikipitia humo.

"Fundi, si ubadilishe zile mbovu tu?" mama aliuliza. "Karo ya mtoto imekaribia."

"Siwezi, mama. Nyundo moja ikiwa nzito kuliko mwenzake wa upande wa pili, mhimili utatikisika, na beringi zitakufa kabla ya Krismasi. Hapo utanunua beringi, na nyundo utazinunua vilevile."

Alisema kweli, na kila aliyewahi kupanda gari ambalo magurudumu yake hayakusawazishwa anaijua kweli hiyo miguuni mwake. Lakini ni rahisi kusema kweli kwa fedha za mwenzako. Nyundo 24 na chujio jipya zilikuwa karibu sawa na karo ya muhula. Mama aliniangalia kana kwamba mwalimu ana jawabu la mambo kama hayo. Nilimwambia lile nililokuwa na hakika nalo, yaani kwamba shule aghalabu husikiliza mzazi anayekwenda kueleza kabla ya siku ya kulipa kuliko anayejificha baada yake. Akaenda akaeleza, akapewa majuma mawili.

Jumamosi tulipanda gari namba 46, tukapita Hurlingham, tukashuka mjini, tukatembea mpaka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, mahali ambapo vipuri vya kila namna vimejaa toka dukani hata njiani. Mwenye duka alitutolea nyundo za aina mbili. Kwa macho zilikuwa mapacha. Kwa bei, moja ilikuwa nusu ya mwenzake. Fundi hakubishana. Alitoa tupa mfukoni akaipitisha ukingoni mwa ile ya bei nafuu: ikauma, ikaacha mkwaruzo mweupe. Akaipitisha kwenye ile ya pili: ikateleza kama juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa chuma laini, ya pili imekazwa kwa moto. Mama alizichukua zile ngumu, akazihesabu mara mbili, akalipa bila kusema neno.

Jioni ile, kinu kilipokuwa kimefunguliwa, nilitamani kujua jambo moja. Tuliziweka nyundo mpya 24 juu ya mizani ya unga: kilo nne na gramu 500. Tukaziweka za zamani: kilo nne na gramu 20. Gramu 480 za chuma zilikuwa zimeondoka katika muda wa miezi minane. Mama aliitazama mizani. "Zimekwenda wapi, mwalimu?" Kisha akaitazama mifuko ya unga, wala sikuwa na haja ya kumjibu.

Jumatatu niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo. Magunia matano kwa siku, kila gunia kilo 90, siku 26 kwa mwezi. Jawabu ni kilo 93,600 za mahindi. Kwa hiyo, tukichukulia kwamba chuma chote kiliingia katika unga, ni miligramu tano hivi kwa kila kilo. Kijana mmoja akainuka: je, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya haiagizi unga wa pakiti uongezwe madini ya chuma? Basi kinu kimetusaidia bure! Darasa lilicheka, nami nilipenda swali lake. Lakini madini yatiwayo katika unga wa pakiti huchaguliwa na kupimwa na mtu anayejua kazi yake. Kile kinachong'oka katika nyundo hakikupimwa na yeyote. Kipande kimoja huwa vumbi, kingine huwa kibanzi chenye ncha. Nyundo za chuma laini zingeliwa upesi zaidi, na mnunuzi wa gorogoro asingeona kitu.

Fundi alifunga sumaku mdomoni mwa kinu, pale unga unapotokea. Kila jioni mama huifuta kwa kitambaa cheupe mbele ya wateja walio kwenye foleni, nao husogea kutazama kile kijivu kilichobaki. Mwanzoni niliogopa kwamba atawakimbiza. Wamezidi.

Nyuma ya mlango wa mabati ameandika kwa chaki tarehe ya kufungwa nyundo, na chini yake, "kona ya 1". Nilipopita baada ya miezi miwili nikiwa na gorogoro langu, tarehe ilikuwa mpya, na chini yake pameandikwa "kona ya 2".